Matusi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Septemba 1964

Kamati imekuja dukani leo. Dukani! Ni varanda ya Mhindi na cherehani yangu moja, lakini kamati ikija napaita duka.

Bwana Cornelius, mwenyekiti, hakuvua kofia. Anasema chama cha mpira huko Nairobi kinataka historia ya klabu, kurasa mbili, zimepigwa taipu, kabla ya kutufikiria kwa ligi ya taifa. Na kamati nzima, watu saba na tai saba, hakuna anayekumbuka chochote cha kabla ya mwaka 1960. Ndipo nikakumbukwa mimi. Mama Sellah, wewe ndiye maktaba yetu, akasema. Maktaba! Mwaka jana nilikuwa makelele.

Nikawapa. Nyuki Football Club ilianza 1951 kwa mpira mmoja, ambao marehemu mume wangu Philemon aliununua baada ya kuuza ndama. Ndama alikuwa wa nduguye. Nduguye hajasahau mpaka leo. Jezi za kwanza nilizishona mimi kwa magunia ya unga, nikazichovya kwenye rangi ya manjano, lakini maandishi ya kinu hayakutoka. Beki wetu wa kulia alicheza miaka miwili na uzito wa gunia zima umeandikwa mgongoni. Wageni walidhani ni uzito wake, wakawa wanampisha.

Cornelius akaandika: "Klabu iliasisiwa na wazee wenye maono." Nikamuuliza, maono gani? Walikuwa wamekunywa busaa tangu asubuhi. Akasema hilo haliwezi kwenda Nairobi. Na 1956 je, refa alipotoroka na baiskeli ya padri? Hilo pia haliwezi. Mwishowe miaka kumi na mitatu yote imevalishwa kofia na tai kama yeye.

Sijakosa mechi hata moja ya nyumbani. Hata ile ya 1959, Philemon alipofariki. Tulimzika Alhamisi, Jumamosi nikawa uwanjani. Watu walisema. Waache waseme — ningekufa mimi, yeye angefika kabla ya wachezaji.

Daftari hili lina pande mbili. Mbele ni penalti zote nilizoziona: nani alipiga, lini, mguu gani, upande gani. Ukiligeuza, huku nyuma, ni mimi. Kamati haifiki huku.

Jumamosi, 12 Septemba

Tumeshinda 2–1! Sauti sina. Naandika kwa sababu siwezi kusema.

Dakika ya themanini wageni wakapewa penalti. Mpigaji ni yule mrefu wa Kisumu, namba tisa. Nikafungua daftari: mara nne, na zote nne kulia kwa kipa. Nikapanda juu ya benchi: "Masinde! Mama yako anapika obusuma kama uji!" Masinde akaruka kulia kama mtu aliyeitwa kula ugali. Akaudaka!

Mama mmoja mgeni kando yangu akashika kifua. Ananiuliza, kijana wa watu amekukosea nini?

Kakamega nzima inajua kwamba mimi Jescah Mideva sina adabu. Hawajui kwamba ni kazi. Tuliitunga mimi na Philemon, wakati yeye ndiye alikuwa kipa. Mimi nina daftari, yeye ana mikono. Lakini penalti ikija uwanja mzima hupiga kelele, kulia! kushoto! kulia!, na kipa hajui amwamini nani. Basi tukakubaliana: nikimtukana mama, ni kulia. Nikimtukana baba, ni kushoto. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikufa bila kujua kwa nini nilimchukia siku za Jumamosi tu.

Masinde alipokuja 1960, kijana wa Matete, mfanyakazi wa misitu kule Buyangu, viganja kama majani ya mgomba, nikamfundisha. Alishika siku hiyohiyo. Hakuna mwingine anayejua, hata binti yangu Sellah. Tangu Philemon aondoke, ni mtu mmoja tu duniani anayeelewa ninachosema.

Jumapili, 20 Septemba

Kanisani leo Sellah hakuimba. Mwalimu wa darasa la tatu, sauti ndogo kama ya kifaranga, lakini haachi wimbo upite. Nikajua kuna jambo.

Nyumbani akaniambia amepata mchumba. Nikafurahi! Nani? Akaangalia paa. Mwalimu mwenzako? Hapana. Karani wa posta? Hapana. Ni Masinde, Mama.

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Masinde wetu! Nikasema siku ya harusi nitasimama juu ya benchi.

Kisha kicheko kikakatika. Mkwe! Huku kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Ukimwona njiani anakuja, mmoja anaingia kichakani. Hamshikani mkono, hamli pamoja, jina halitajwi. Na mimi mtu huyu nimemtazama akiwa na kaptura kila Jumamosi kwa miaka minne! Kaptura yenyewe nimeishona mimi. Kiuno chake nimekipima kwa mikono hii. Inchi thelathini na mbili!

Sellah akasema, Mama, wewe hukujua. Nikamwambia mila haiulizi kama ulijua. Akaanza kulia. Nikamkumbatia. Anampenda, ninaona. Na mimi nampenda yule kijana, hiyo ndiyo shida.

Sasa nani atamwambia upande?

Jumatano, 30 Septemba

Wazee wamekuja kutoka Matete. Ingokho watatu, kuku wangu, wamekufa kwa heshima yao.

Baba mtu, Mzee Wanyonyi: koti refu, fimbo, masharubu. Anaanza kila sentensi kama anayefungua mkutano. Wameelewana na shemeji zangu upesi kuliko nilivyotegemea. Harusi ni tarehe 21 Novemba. Sellah anatembea kama hakanyagi chini.

Kisha Mzee akaweka kikombe. "Mama Sellah, kuanzia leo wewe na kijana wangu ni wakwe. Msionane, msisemeshane. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini hii ni heshima."

Nikasema nimesikia.

"Na kuna jambo lingine. Mwaka wa sitini na mbili nilikuja hapa kuona kijana akicheza. Kukawa na mwanamke nyuma ya watu, sikumwona uso. Akapiga kelele ati mimi nililia kisu."

Chai ikanipalia. Kwa watu wa kule, kumwambia mwanamume kwamba alilia siku ya kutahiriwa, afadhali umchomee nyumba.

"Mimi nilisimama kama hii nguzo ya mlango. Watu walioona wako hai, wengine watatu. Ile sauti ikipiga kelele tena hata baada ya miaka kumi nitaijua. Unamjuanga huyo mama?"

Nikasema alihamia Kisumu.

Sellah akaangusha sahani.

"Akiwa Kisumu ni sawa," Mzee akasema. "Lakini angekuwa wa boma hili, kijana wangu hangeoa hapa. Tungerudi na ng'ombe zetu leo leo."

Naikumbuka penalti ile. Ilikwenda kushoto, na alidaka! Hilo Mzee hakulikumbuka.

Kuanzia leo jina la kijana siliandiki. Yeye ni Kipa.

Jumamosi, 10 Oktoba

Aibu. Mungu wangu, aibu.

Nilijiambia uwanja ni wa watu wote. Nitakaa nyuma ya lango la wageni, kwenye kivuli cha mama anayeuza ndizi, kichwa ndani ya kanga. Yeye atakuwa kule mwisho mwingine kabisa. Huko si kuonana. Akili ya kuku! Miaka kumi na mitatu ya mpira na nimesahau kwamba baada ya mapumziko timu hubadilishana malango.

Kipindi cha pili huyo anakuja. Mbio za polepole, moja kwa moja kwangu, na ile kaptura. Nikainama kutafuta kitu ambacho sikukipoteza. Mama wa ndizi akaniuliza kama tumbo linauma. Kisha ndizi zikamwishia, akabeba kikapu chake akaenda zake, nikabaki peke yangu kwenye nyasi kama choo cha shule.

Kona. Mpira uko hewani. Kipa ananyanyua macho kuufuata — akaniona.

Hakudaka. Alishusha mikono yote miwili akafunika magoti! Kisha akaenda kujificha nyuma ya nguzo ya lango. Nguzo ina upana wa kiganja, mtu ana upana wa mlango. Mpira ukaingia wenyewe, taratibu, bila kuguswa na mtu.

1–1. Wageni hata hawakushangilia. Walikuwa wanaulizana.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya kaburini, nisikutane na mtu. Nimekutana na watu kumi na mmoja.

Jumatatu, 12 Oktoba

Barua ya kamati. "Kwa manufaa ya klabu unaombwa usifike tena uwanjani." Imepigwa taipu, ina muhuri. Maktaba imefungwa!

Cornelius aliileta mwenyewe, kofia mkononi safari hii. Nikamuuliza kama hilo ataliweka kwenye historia ya Nairobi. Akasema, Mama Sellah, si mimi, ni kamati. Kila mara ni kamati. Sijawahi kukutana na mtu aitwaye Kamati nikamzaba kofi.

Nimemshonea Kipa suruali ndefu nyeusi. Sellah atasema imetoka kwa fundi mwingine. Vipimo ninavyo. Mungu ananiona.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimekaa varandani. Uwanja uko nyuma ya soko na upepo unaleta kila kitu.

Nimegundua mpira unasikika. Kelele ikipanda ikavunjika katikati: imetoka nje kidogo. Ikipanda isirudi: bao letu. Tulikuwa na bao, dakika ya ishirini hivi. Ngoma za isukuti zikafuata. Nilishona vifungo vitatu mahali pasipo matundu.

Kisha kimya. Nakijua kimya kile. Penalti. Nikafungua daftari kwa mazoea, nikasimama kabisa, mdomo wazi, varandani kwa Mhindi — na sijui nani anapiga, wala nimwambie nani. Mhindi akaniuliza, Mama, unataka kuimba?

Halafu kelele ndogo. Kelele ya wageni.

Sellah amenieleza. Aliruka kulia, mpira ukaenda kushoto. Na kabla mpira haujapigwa, anasema, Kipa aliangalia juu ya benchi lako, Mama. Pale unaposimamanga. Palikuwa na mtu ameweka mwavuli.

Nimelia. Si kwa ajili ya bao. Nimelia kama ile Alhamisi.

Tumetoka sare. Sasa kila kitu ni tarehe 14 Novemba, nyumbani, na Lumakanda Rovers. Tukiwafunga tunaingia ligi ya taifa. Sare inawatosha wao.

Alhamisi, 5 Novemba

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Leo amekuja kwangu katibu wa Rovers, Bwana Kimutai, kutoka Lugari, na gari. Buti zina udongo wa shamba jipya. Mkononi bahasha nyeupe.

Rovers wanayo furaha kunialika kwenye mechi ya tarehe 14 kama mgeni wa heshima. Kiti chenye mto. Nyuma ya lango kabisa, mama, utaona vizuri. Lango gani? nikamuuliza. Akakohoa. La Kipa wenu. Na baada ya mapumziko? "Kiti tutahamisha, mama. Vijana wako tayari."

Nilitaka kukasirika, kicheko kikaniwahi. Ukweli ni kwamba ujanja kama huo Philemon angeupigia makofi. Nikamtilia chai. Nikamuuliza kwa upole sana kama Kiplagat bado anapiga penalti. Akajaa kifua. "Nani mwingine? Kiplagat hajakosa tangu uhuru!"

Kiplagat namjua tangu 1958, alipochezea timu ya shamba la Mzungu kule kule Lugari. Mzungu ameuza akaenda zake, shamba limekatwa vipande, Kiplagat amepata kipande chake, na bado anapiga penalti. Nina zake saba kwenye daftari.

Nikamwambia Kimutai akisalimie kiti chake. Klabu yangu hainitaki, adui ananiwekea mto. Na roho mbaya ninayo: kwa dakika moja nzima nilifikiria ule mto.

Jumapili, 8 Novemba

Sellah amekwenda Matete mwenyewe kumwona baba mkwe wake mtarajiwa. Sauti ya kifaranga, lakini moyo ameuchukua kwangu. Amemwambia: Kabla ya barua ya kamati Mama hakuwa amekosa mechi ya nyumbani tangu 1951. Marehemu baba alianzisha timu hii. Mechi kubwa kuliko zote, na yeye peke yake ndiye atakaa nyumbani?

Mzee akafikiri, anasema Sellah, muda wa kula sahani nzima. Kisha akatoa hukumu. Uwanjani kuna watu elfu mbili. Katika watu elfu mbili mtu hamwoni mkwe, anaona watu. Kwa hiyo macho si kitu. Nije, nijifunike kanga kichwani, nikae ubavuni kwenye jukwaa la mbao, na yeye Mzee atakaa nami ili pasiwe na maneno. "Lakini sauti ni kusalimia. Na kusalimia ni kuvunja. Neno moja tu kutoka kwa mama kwenda kwa kijana wangu, hakuna harusi."

Kamati imekubali. Cornelius amefurahi kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Nimemwapia Sellah. Neno hata moja halitatoka. Mama, akasema, ni wiki moja tu baada ya hapo. Wiki moja.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimempa Sellah ujumbe ampelekee Kipa. Kiplagat, penalti saba. Mara nne alivuta soksi ya kushoto kwanza: zote nne zilikwenda kushoto kwa kipa. Mara tatu hakuvuta: kulia.

Jibu limerudi jioni. Anashukuru. Lakini anasema Kiplagat huvuta soksi akiwa amelipa lango mgongo, wenzake wamemzunguka, kisha ndiyo anageuka. Kutoka langoni huoni kitu. Kutoka ubavuni tu.

Hilo ni kweli. Ndiyo maana mimi nilikuwa ubavuni.

Na anasema nini tena? nikauliza. Sellah akakunja leso mara tatu. Anasema kama itafika penalti, atasikiliza. Amsikilize nani? Nimeapa!

Naomba kusiwe na penalti. Sijawahi kuomba hivyo maishani, ni kama mvuvi kuomba kusiwe na samaki.

Jumamosi, 14 Novemba. Uwanjani

Naandika hapa hapa, chini ya kanga, kwa penseli. Nikishika penseli mdomo unatulia.

Watu mpaka kwenye miti ya posta. Isukuti vikundi viwili, vinashindana. Kuna mtu amekuja na fahali wake aliyeshinda mapambano ya asubuhi, na fahali ametazamwa kuliko mgeni rasmi. Mzee Wanyonyi kuliani kwangu, koti lile lile. Sellah kushotoni. Nimeacha tundu la jicho moja.

Kipa ana suruali ndefu. Imemkaa vizuri. Mshono ni wa nani sisemi.

— Bao! Letu! Dakika ya kumi na tano. Nimeuma kanga.

— Wamerudisha. Kiplagat, kwa kichwa. Mzee anauliza kwa nini refa hakupuliza kama alivyopuliza wakati ule mwingine. Nimemweleza kuotea kwa kunong'ona, nimetumia karanga zake kuonyesha mabeki. Kumwambia yeye si kosa, kosa ni kumwambia kijana. Amesikiliza kama mwanafunzi. "Kumbe mpira una akili! Unajuanga sana, nani alikufunza?" Nikasema marehemu.

Mapumziko. 1–1. Mzee ameninunulia soda. Anasema aliogopa kuja tangu ile siku ya matusi, akidhani uwanja wote ni watu wabaya. Kumbe ni mwanamke mmoja tu, akasema, na Mungu amempeleka Kisumu. Nimeangalia soda.

— 2–1! 2–1 yetu! Dakika ya sabini. Mzee amerusha fimbo, imempata mtu. Hakuna aliyejali.

— Kipa amedaka mpira wa karibu sana, kwa mkono mmoja, mlalo. Mzee analia. Machozi kabisa yanaingia kwenye masharubu. "Huyo ni wangu!" anawaambia watu. "Huyo ni wangu!" Amenigeukia: "Ni wetu, mama." Nimempenda mzee huyu. Sikutaka, lakini nimempenda.

— Dakika nne zimebaki. Cornelius ameweka kofia chini na kuikalia.

— Hapana. Hapana hapana hapana.

Beki wetu amempiga Kiplagat mwereka ndani ya boksi. Mpumbavu! Penalti. Hata mimi ningeitoa.

Watu wameingia uwanjani. Wanamvuta refa jezi. Askari wanawarudisha kwa virungu, fahali naye ameingia. Itachukua muda.

Ikiingia ni sare. Ikiwa sare, Lumakanda wanakwenda, sisi tunabaki na historia ya kurasa mbili yenye tai.

Kiplagat hayuko kwenye fujo. Amesimama kando, mpira kwapani, amelipa lango mgongo. Wenzake wamemzunguka. Kutoka hapa namwona vizuri, soksi zote mbili. Bado hajashika.

Uwanja mzima unapiga kelele. Kulia! Kushoto! Kushoto! Kulia! Mtu nyuma yangu anasema juu! Kipa yuko katikati ya lango, mikono imelegea. Hamwangalii Kiplagat. Ameangalia chini, ameinamisha kichwa upande, sikio limeelekea kwetu. Anasikiliza.

Nimemnong'oneza Sellah: akishika soksi, wewe ita kushoto. Amejaribu sauti, "Kipa!" Hata mimi niliye kando yake sikusikia, isukuti imeimeza. Amejaribu tena. Amenitazama.

Nimemweleza yote kwa maneno kumi. Mama ni kulia, baba ni kushoto. Miaka yote hiyo, matusi yote hayo. Kisha ameniuliza: alikuwa anakuelewa? Nikasema kila neno.

Askari wamemaliza. Fahali ametoka. Refa anaonyesha mahali pa mpira.

Tafadhali, mama. Iwe mama. Mama yake nimeshasema uji, naweza kusema uji tena, labda Mzee atacheka, labda —

Kiplagat ameinama. Ameshika soksi ya kushoto. Ameivuta mpaka gotini.

Ni baba. Na katika kelele hizi kijana atashika tu tusi alilowahi kulisikia, na la kushoto lililowahi kufanya kazi ni lile moja, la kulilia kisu.

Mzee amejifuta machozi. Ananinyooshea karanga, zote zilizobaki, amezimimina kiganjani mwangu. "Tuombe, mama mkwe," ananiambia.

Sellah ameshika ncha ya kanga yangu. Anaivuta. Nilidhani ananizuia nikae. Lakini anaivuta kutoka kichwani.

Masinde. Naandika jina lake. Masinde yule pale anangoja.

Karanga nimemrudishia Mzee, zote, nimemfumba kiganja. Nasimama.